Kusoma Vinasaba vya Vimelea: Utangulizi

Kama baiolojia uliiacha shuleni, usiwe na hofu. Tutaanza chini kabisa.

Kila kiumbe, na kila kirusi, hubeba maelekezo ya kujijenga. Hayo ndiyo vinasaba, na yameandikwa kwa kemikali nne tu, ambazo wataalamu huziita herufi. Maelekezo yote yakiwa pamoja huitwa jenomu. Jenomu ya kirusi cha MERS, kinachoshambulia mapafu, ina herufi karibu 30,000. Kusoma vinasaba ni kuzitambua herufi hizo kwa mpangilio wake.

Utauliza: si kuna kipimo cha PCR? Kipo, nacho hurudufu kipande kidogo cha vinasaba mpaka kionekane. Kinakujibu kama kirusi kipo au hakipo. Usomaji hukueleza pia ni cha ukoo gani.

Tazama yaliyotokea Qatar. Oktoba 2013, watu wawili wa shamba moja la ngamia waligundulika kuwa na MERS. Mamlaka za afya za Doha zikashirikiana na wataalamu wa Uholanzi, na ngamia 14 wa shambani wakapanguswa ute wa puani. Kwa ngamia 3 usomaji ulithibitisha kirusi, na herufi zake zilikaribiana sana na za wagonjwa wale. Wengine 8 walionesha ishara kwenye baadhi ya vipimo vya PCR, ila usomaji haukuthibitisha. Je, hawakuwa na kirusi? Si lazima: sampuli yenye vinasaba haba ni ngumu kusomeka.

Udugu wa virusi unajulikanaje? Kirusi kinapojinakili hukosea herufi hapa na pale, na kosa hurithiwa na vizazi vyake. Virusi vyenye makosa yaleyale vina asili moja ya karibu.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kufanana hakusemi nani alimwambukiza nani. Watafiti wale hawakutangaza kwamba ngamia ndio walioanza, na naamini uangalifu huo ndio moyo wa fani hii. Mwelekeo hutafutwa kwa ushahidi mwingine: tarehe za kuugua, na kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya kirusi. Ngamia wote 14 walikuwa nazo. Kingamwili hizo zimeonekana hata katika damu ya ngamia wa Somalia iliyohifadhiwa tangu 1983.

Ukitaka kujaribu, fungua GenBank, hazina ya vinasaba isiyolipiwa. Chukua mfuatano mmoja wa MERS kutoka kwa ngamia wa Kenya na mwingine wa Ghuba, kisha uhesabu herufi zinazotofautiana.