Zen Arcade: Kisa kirefu katika muziki wa haraka

WAPENZI wa hadikoo, ule mkondo mkali wa muziki wa panki uliovuma Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, walizoea nyimbo za dakika moja au mbili, za kasi na makelele. Albamu zenye kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho zilihesabiwa kuwa anasa ya wanamuziki wa roki, ambao wapigaji wa panki waliwadharau.

Ndiyo maana Zen Arcade, iliyotolewa na bendi ya Hüsker Dü ya Minnesota mwezi Julai 1984, iliwashangaza wengi. Ni santuri mbili zenye nyimbo 23, zinazomfuata kijana aliyetoroka ugomvi wa nyumbani na kuukuta ulimwengu wa nje mchungu zaidi. Hatimaye anazinduka, kumbe ilikuwa ndoto.

Bob Mould, Grant Hart na Greg Norton hawakuyaacha makelele, bali waliyachanganya na gitaa kavu, piano na kipande cha ala tupu cha takriban dakika 14. Karibu kila wimbo ulirekodiwa mara moja tu. Kurekodi na kuchanganya sauti kulichukua saa 85 hivi, kwa dola 3,200. Uchovu unasikika, nao, kwa maoni yetu, ndio unaofanya kisa kiaminike.

Kampuni ya SST, kwa tahadhari, ilichapisha nakala zisizozidi 5,000. Ziliisha upesi, na kwa miezi kadhaa albamu iliyosifiwa magazetini haikupatikana madukani.