Unaenda Aberdare kupiga picha? Lipa kiingilio ukiwa bado nyumbani

Lobelia zinazomzidi mtu urefu, mbega juu ya miti: Aberdare ina picha tele. Lakini langoni hawapokei pesa taslimu, na mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Kwa hivyo tunakushauri ulipe mapema:

1. Ingia eCitizen, chagua KWS, jaza tarehe na idadi ya watu.
2. Lipa kwa Paybill 222222 ukitumia namba ya akaunti utakayopewa. Soma jina kabla ya kuweka PIN.
3. Hifadhi risiti kwenye simu.

Mtu akikwambia umtumie kwa namba yake akukatie tiketi ya bei nafuu, usitume. Utafika langoni bila pesa na bila tiketi.

Safari njema, na maua yaache shinani!