Jiwe ni letu, na breve itakuwa ya nani?

Kila mutu mwenye kuuza mawe anajua: ugomvi wa ku depo hauanzie ku makuta, unaanzia ku Metorex. Nani anashika ile mashini? Nani anasoma namba? Kama ni mutu mumoja tu njo anapima, anasoma na analipa, umekwisha kupoteza mbele hata bei haijatajwa.

Tunaleta huu mufano juu kuko kazi ingine ya mawe, ile inafanyika ku iniversite, na mambo yake ni sawa tu. Mu mwezi wa 4 wa mwaka 2022, hapa Lubumbashi, UNILU ilipata kituo cha utafiti wa batri, CAEB. Kinashirikiana na wenzetu wa Zambia, kati yao Copperbelt University ya Kitwe.

Juu ya nini batri? Mu kila kilo 10 za kobalti zinatoka mu migodi ya dunia, kilo 7 na zaidi ni za Congo. Lakini karibu yote inaondoka ikiwa hidroksidi, unga ndani ya mifuko, juu ya makamyo. Kule China wanaisafisha, wanaichanganya na nikeli na manganezi, inakuwa unga wa bei kali wenye kuitwa prekurseri. Mwaka 2021, BloombergNEF ilipiga hesabu: kujenga hapa kwetu kiwanda cha tani 10.000 za prekurseri kwa mwaka kungeomba dola milioni 39, mara tatu chini ya Marekani. Kiwanda mutu anaweza kununua. Ufundi wa kupika ule unga na mawe yetu, ule unatafutwa mu laboratware.

Sasa, watu wa inchi mbili wanafanya je kazi moja? Tuchukue mufuko mumoja wa heterojeniti. Kwanza wanaukausha, juu maji yanadanganya mizani. Wanausaga, wanauchanganya, wanaugawanya mpaka kila sehemu inafanana na ingine, na kila chupa inapewa namba. Sehemu moja inabaki Lubumbashi, ingine inapita Kasumbalesa inaenda Kitwe. Ya tatu inafungwa na kuwekwa: ile ni mushahidi. Kila upande unapima bila kuangalia namba ya mwenzake. Lubumbashi wakipata 8, Kitwe wakipata 6, hakuna kusema “basi tuweke 7”. Wanarudia, wanatafuta kosa liko wapi, na kama ugomvi haukwishe wanafungua mushahidi. Wandugu wachimbaji, ni depo gani iliwahi kuwawekea mushahidi?

Kuko tena mambo ya kila siku. Daftari lazima liandikwe na kutiwa sahihi siku ile ile, mu Kifaransa na mu Kiingereza, hata kama watu wanazungumuza Kibemba wakati wa kula. Prekurseri inazaliwa ndani ya maji yenye kuchochewa masaa mengi bila kusimama. Umeme ukikatika katikati, mbegu za ule unga hazilingane tena, na kazi ya siku nzima imeharibika. Kwa hiyo makuta ya jenereta haiko anasa, ni sehemu ya utafiti. Mwenye kuongoza mradi asipoipanga mbele, wanafunzi watakaa miezi wakingojea umeme.

Lakini kubwa kupita yote ni karatasi. Mwaka 1980, ku iniversite ya Oxford, Uingereza, profesere John Goodenough pamoja na Koichi Mizushima, mugeni kutoka Japani, na wengine wawili, walionyesha kama oksidi ya kobalti na litiamu inaweza kubeba nguvu nyingi za batri. Oxford ilikataa kulipia breve. Haki zikaenda ku kituo kingine cha serkali, kule Harwell. Mwaka 1991 Sony ikauza batri za litiamu za kwanza, na leo ziko ndani ya telefone dunia nzima. Goodenough alipata tuzo ya Nobel mwaka 2019, akiwa na miaka 97. Makuta ya ile breve hakupata. Kama mambo yalienda vile kwa profesere wa Oxford, yataenda je kwa kijana wa Kolwezi mwenye kufanya doktora?

Njo maana sisi tunasema: mapatano yaandikwe mbele ya kuvunja jiwe la kwanza. Breve itakuwa ya nani, na kwa sehemu gani? Jina la mwanafunzi mwenye kufanya kazi litaandikwa? Mashini zitabaki wapi mradi ukiisha? Kama kampuni inatoa makuta, iko na haki ya kuficha matokeo? Haya si maswali ya ugomvi. Marafiki wa kweli wanayauliza siku ya kwanza, wakati kungali bado kitu cha kugombania.

Na ninyi wazazi wenye kulipa masomo na makuta ya shimo: mutoto akirudi nyumbani na kusema “baba, nimeingia mu mradi wa batri”, mumupongeze. Kisha mumuombe asome yale mapatano, ukurasa kwa ukurasa, mbele ya kutia sahihi. Munajua vizuri, kupita wengi, namba ikiisha kuandikwa na mutu mwingine inakuwa nguvu kuibadilisha.