Huduma kwa Bibi Anayeogopwa

Katika makanisa ya Nyalikungu, mji ulio makao makuu ya Wilaya ya Maswa, kuwasaidia wahitaji si jambo geni. Mahindi huchangwa baada ya mavuno, wagonjwa hutembelewa wodini, yatima hununuliwa sare na madaftari. Ni mambo mema, na aliyewahi kulala njaa anajua uzito wake. Lakini huku Usukumani, nchi ya Wasukuma, yupo mhitaji mwingine, ambaye ukimsaidia hupongezwi na mtu. Ni bibi kizee anayesemwa kijijini kuwa ni mchawi. Mlangoni kwake ndipo ninapoona imani ya Mkristo ikipimwa kweli, kwa sababu anayekwenda huko hatoi mahindi tu. Anaweka rehani na jina lake.

Tatizo hili lina historia ndefu. Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikusanya takwimu za mauaji yaliyotokana na imani za uchawi Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984, akakuta waliouawa ni zaidi ya 3,600. Zaidi ya nusu waliuawa Usukumani, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Serikali ilijaribu kutumia nguvu. Watu walikamatwa kwa wingi Mwanza na Shinyanga, mkoa ambao Maswa ilikuwa ndani yake hadi Simiyu ilipoundwa mwaka 2012. Baadhi yao waliteswa na kufia mikononi mwa dola. Ndipo Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alipojiuzulu mwanzoni mwa 1977. Wengi tunamkumbuka Mzee Mwinyi kwa uungwana wa kuwajibika. Tunasahau kwamba kiini cha mkasa ule kilikuwa hofu iliyokaa vijijini, na kwamba virungu vya polisi havikuiondoa.

Hofu hiyo huanzia wapi? Tazama jiko la bibi anayeishi peke yake. Kuni ziko mbali na miguu haina nguvu tena, kwa hiyo anaokota samadi iliyokauka zizini kwa jirani na kupikia hiyo. Nyumba haina dirisha la maana. Anainama, anapuliza, moshi unamjaa usoni, kesho hivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi. Macho yanakuwa mekundu. Kijiji kinayatazama macho hayo na kusema: ndiyo dalili.

Na kuni zenyewe hazikupotea kwa mapenzi ya bibi. Wakati wa ukoloni misitu mingi ya Usukumani ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo vikamaliza sehemu kubwa ya iliyobaki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulirudisha miti kwa kufufua ngitili, yaani malisho ambayo wafugaji Wasukuma huyatenga na kuyapumzisha. Kwa hiyo waumini wanaopanda miti nyuma ya kanisa, au wanaomjengea bibi jiko lenye bomba la kutolea moshi, wanafanya huduma ya kiroho kamili. Wanaondoa kisingizio cha mauaji.

Hata hivyo macho mekundu peke yake hayaui. Mtoto anaugua, ng'ombe wanakufa, au kuna shamba ambalo mtu analitamani. Familia inakwenda kwa mpiga ramli, na ramli chonganishi inaielekeza kwa mwanamke asiye na mtetezi. Mara nyingi mjane. Na lazima tuseme wazi kwamba miongoni mwa wanaokwenda kwa mpiga ramli wamo waliobatizwa.

Wapo pia wanaojikinga kwa Kutoka 22:18, agizo kwamba mchawi asiachwe hai. Mstari huo upo, na mhubiri asiukwepe. Auweke mbele ya mengine: Matendo 6, ambapo wajane walisahauliwa katika mgawo wa kila siku na kanisa changa likateua watu saba kwa ajili hiyo; Yakobo 1:27, inayopimia dini kwa namna yatima na wajane wanavyotazamwa katika dhiki yao; na Mathayo 25, ambako Kristo anajihesabu pamoja na mgeni, mgonjwa na mfungwa. Katika sura hiyo hakuna anayeulizwa kwanza kama mhitaji ana sifa njema kwa majirani.

Sasa huduma yenyewe inakuwaje? Huanza na salamu. Anayetuhumiwa hupoteza salamu kabla ya kupoteza kitu kingine. Watu hupita kando wakitazama chini. Mwanajumuiya, yaani muumini wa kikundi cha majirani wanaosali pamoja, anayesimama asubuhi hadharani mbele ya mlango wake na kusema kwa sauti, "Mwangaluka mayo," salamu ya asubuhi ya Kisukuma kwa mama, amekwishawaambia majirani jambo zito. Kisha jumuiya inasali pale pale uani kwake, si kwa mwenyekiti tu kila wiki. Vijana wanaezeka paa, akina mama wanaleta kuni na ndoo ya maji, na mmoja analala jirani siku ambazo maneno yamekuwa makali. Hatari ipo, nami siidharau. Usukumani kutengwa ni adhabu ya zamani: hupewi moto, husaidiwi msibani. Anayemkaribia aliyetengwa anaweza kufuatia. Ndiyo maana kazi hii haifai kuachiwa mtu mmoja mwenye moyo. Wakienda ishirini, ni vigumu kuwatenga wote.

Iko hatua moja zaidi, ambayo makanisa mengi huiogopa. Sheria ya Uchawi ya 1928 inamtia hatiani pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Kwa hiyo mzee wa kanisa aliyesikia jina la bibi likitajwa kilabuni au kisimani anayo ya kufanya mapema: kumsindikiza bibi huyo kwa mtendaji wa kijiji, kuhakikisha malalamiko yameandikwa, na kukubali jina lake liandikwe kama shahidi. Kesi za aina hii hufa kwa kukosa shahidi; kijiji kizima husema kilikuwa kimelala. Siku ya kesi, mzee huyo anatakiwa apande kizimbani na kusema alichosikia, huku aliyelitaja jina lile, pengine ndugu yake wa jumuiya, akimtazama.