Gitaa la Kiwandani na Gitaa la Fundi: Kwaya Zetu Zinunue Lipi?

Katika kwaya za vigango vya Nyamongo limezuka swali ambalo si dogo kama linavyoonekana. Mwanakwaya mmoja afanyaye kazi mgodini amejitolea kuinunulia kwaya yake gitaa. Baada ya kutazama mengi kwa simu, amevutiwa na gitaa lililoundwa kwa mkono na fundi wa ng'ambo, bei yake maelfu ya dola. Wenzake wamegawanyika. Wapo wasemao kwamba kitolewacho kwa Mungu sharti kiwe bora kuliko vyote. Wapo wasemao kwamba fedha hizo zingetosha kuzinunulia magitaa kwaya za vigango vyote na chenji ikabaki. Tulipoombwa maoni, tuliona vema kwanza tueleze tofauti yenyewe, maana wengi wanabishana juu ya chombo wasichojua kilivyoundwa.

Gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, hutoa sauti kwa ubao wake wa uso. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, uzito wa mtu mzima, na nguvu hiyo yote huelemea ubao wenye unene wa milimita 3 hivi. Chini ya ubao huo hugandishwa mihimili ya mti; mpangilio wake wa kukingamana kama herufi X ulistawi katika karakana ya familia ya Martin, huko Marekani, katika miaka ya 1840. Ubao ukiwa mnene na mihimili ikiwa mizito, gitaa hudumu lakini sauti yake hufifia. Ukipunguzwa, huimba. Ukipunguzwa kupita kiasi, hubenuka na kupasuka. Kazi yote ya mwunda gitaa ni kuukaribia mpaka huo bila kuuvuka.

Hapo ndipo fundi na kiwanda wanapoachana njia. Watu wa Nyamongo hawahitaji kuelezwa sana: mawe mawili yaliyotoka shimo moja, yenye uzito mmoja, hayana dhahabu sawa. Vivyo hivyo mbao mbili zilizopasuliwa kutoka gogo moja hazina ugumu sawa. Fundi huugonga ubao kwa kidole na kuusikiliza, huukunja kidogo kwa mikono, kisha huupunguza kwa randa hapa na pale mpaka aridhike na ubao huo mmoja. Mashine ya kiwandani imepangiwa kipimo kimoja, nayo hukitumia kwa kila ubao upitao. Na kwa kuwa kiwanda hutoa dhamana bila kujua kama gitaa litakwenda kuishi kwenye baridi kali au kwenye joto letu, kipimo hicho huwekwa upande wa usalama. Ndiyo maana magitaa matano ya namna moja, yaliyotundikwa ukutani katika duka moja, huweza kutoa sauti tano tofauti: mbao nyepesi zimeangukia penye kipimo chake, na nzito zimebaki nzito.

Hata hivyo, tusidhani kwamba neno kiwanda maana yake ni ubovu. Kampuni hiyo ya Martin, iliyoanza mwaka 1833 na yenye makao katika mji wa Pennsylvania uitwao Nazareth (jina linalotupendeza, kwa kazi ya useremala), ilifikisha gitaa lake la milioni moja mwaka 2004, baada ya miaka 171. La milioni mbili lilitoka mwaka 2017. Kilichoharakisha mambo ni mashine, na mashine hukata shingo na kupanga vyuma vya shingoni kwa usahihi ambao mikono ya mafundi wengi haiufikii. Gitaa la kiwandani la dola 200 hivi leo lina shingo iliyonyooka na noti zinazokaa mahali pake, jambo ambalo wapigaji wa zamani hawakuwa na hakika nalo. Kati ya viwanda vikubwa na fundi wa peke yake zipo pia karakana ndogo zenye heshima, kama ile ya George Lowden wa Ireland ya Kaskazini na ile ya Santa Cruz huko California iliyoanza mwaka 1976. Huko bei huhesabiwa kwa maelfu ya dola, na kwa mafundi mashuhuri hupita 10,000.

Anunuaye kwa bei hiyo hulipia saa za mikono, na hulipia mti. Hapa kuna jambo linalotugusa sisi Watanzania. Mojawapo ya miti inayothaminiwa na mafundi hao kwa mgongo na mbavu za gitaa ni mpingo, ule ule wa vinyago na wa zumari za Ulaya, unaochukua miaka 70 au zaidi kufikia umri wa kuvunwa. Tangu mwaka 2017 biashara yake baina ya mataifa iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES pamoja na miti yote ya jamii yake, ingawa tangu mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zimelegezewa masharti. Mti uliokua kwetu huweza basi kurudi ukiwa mbavu za gitaa ambalo kwaya zetu haziwezi kulinunua.

Lakini kwa kwaya yetu, tunaona hoja nzito zaidi ni ya paa na barabara. Magitaa ya mafundi huundwa kwa mbao nzima, nyembamba na nyepesi, nayo hupenda hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kanisa la bati huwaka mchana wa Januari, kisha mvua za masika huleta ubichi usioisha. Mti mzima hunywa maji na kukauka, huvimba na kusinyaa, na siku moja uso hufunguka ufa kuanzia chini ya nyuzi. Gitaa la plaiwudi, ambalo tabaka zake zimegandishwa kwa kukingamana, halina sauti tamu kiasi hicho, bali huvumilia. Tuseme pia ukweli kwamba magitaa yetu husafiri kwa bodaboda kutoka Kewanja hadi Nyangoto, mara nyingi yakiwa yamevikwa mfuko wa turubai tu, na mara nyingine hayana hata mfuko.

Kisha kuna masikio. Utamu wa gitaa la fundi, zile sauti ndogo ndogo zinazofuatana nyuma ya noti, husikika chumbani penye utulivu. Katika Misa ya Dominika penye ngoma, kayamba na waamini mia tatu wanaoimba kwa nguvu, utamu huo humezwa. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, waliruhusu ala nyingine zaidi ya kinanda ziingie kanisani, mradi zifae kwa matumizi matakatifu, zilingane na hadhi ya hekalu na ziwajenge waamini kweli. Hawakutaja bei. Na katika Kwaresima ala huruhusiwa kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Gitaa la dola elfu tano litanyamaza siku nyingi sawa na lile la dola mia mbili.

Hayo hayamaanishi tununue cha bei ya chini kabisa. Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Tulilipa shilingi chache kwa gitaa lililong'aa, na nyuzi zake zilikaa juu mno ya shingo; kijana aliyekuwa akijifunza alirudi nyumbani na vidole vilivyochubuka, wiki ya tatu hakuonekana. Tulidhani hana kipaji. Baadaye mtu mmoja ajuaye kazi alitupima: juu ya chuma cha kumi na mbili nyuzi zilipaswa kuwa na nafasi ya milimita 2 hadi 2.5, za kwetu zilizidi 5. Alitoa vile vipande viwili vya plastiki vinavyobeba nyuzi, kimoja kichwani mwa shingo na kingine tumboni, akachonga vingine kwa mfupa wa ng'ombe aliopewa bure buchani. Kazi ya saa chache. Gitaa likawa jingine. Yule kijana alikwisha kuhamia mpira wa miguu.

Wazee wengine bado huliita gitaa kavu galatoni. Jina hilo lilitokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa kiwandani Durban, Afrika Kusini. Hata John Lennon wa Uingereza alianzia kwenye moja la namna hiyo. Katika miji ya migodi ya shaba ya Katanga, ambako mshahara wa mgodini ulileta magitaa kama unavyoyaleta kwetu leo, Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na upigaji wake wa vidole ungali unasomwa na wapigaji wa dunia nzima. Hakungoja gitaa la fundi mashuhuri.

Na kama tunatamani mkono wa fundi, tunao karibu. Litungu la Wakuria, lenye nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi, halijawahi kutoka kiwandani. Aliundaye huchagua mti mwenyewe, huipima ngozi kwa sikio, na mara nyingi anamjua atakayelipiga. Ngozi ikilegea kwa mvua, yupo wa kuiwamba upya bila kupeleka chombo ng'ambo. Mtaguso ule ule ulitaka muziki wa mapokeo ya watu upewe heshima yake katika ibada, nasi tumelitaja litungu zaidi katika sherehe za utamaduni kuliko altareni.

Kwa hiyo tulimshauri mfadhili hivi: anunue gitaa la kiwandani la bei ya kati, lenye uso wa mbao nzima na mgongo wa plaiwudi; atenge fedha ya sanduku gumu, ya nyuzi za akiba na ya fundi wa kulirekebisha; na kwa sehemu ya kilichobaki aagize litungu kwa mzee aundaye, sharti kijana wa kwaya akae naye akijifunza. Ameomba muda wa kufikiri, kwa maana moyo wake bado uko kwenye lile la picha. Kwaya inaendelea na mazoezi kila Jumamosi jioni kwa gitaa la kuazima, lenye nyuzi tano.