Bach, Telemann na Hukumu ya Vizazi

Mwanafunzi wa muziki wa ibada hukutana mapema na jina la Johann Sebastian Bach, naye huletewa jina hilo kana kwamba utukufu wake haukutiliwa shaka kamwe. Historia yasema vingine.

Johann Kuhnau, kiongozi wa muziki wa kanisa la Mtakatifu Tomaso mjini Leipzig, alifariki mwaka 1722. Halmashauri ya mji ilimtaka Georg Philipp Telemann wa Hamburg, ambaye sifa zake zilienea Ujerumani yote; Hamburg ikamwongezea mshahara, akabaki huko. Ikamtaka Christoph Graupner wa Darmstadt. Bwana wake hakumruhusu kuondoka. Ndipo Bach akapewa kazi hiyo mwaka 1723, baada ya mjumbe mmoja kusema kwamba, maadamu walio bora hawapatikani, hapana budi kumchukua wa kadiri.

Tusimcheke mjumbe huyo upesi. Telemann aliandika kwa namna iliyopendeza masikio ya siku zile, wazi na nyepesi. Hata mwaka 1737 Johann Adolph Scheibe alilalamika kwamba katika muziki wa Bach ufundi mwingi uliufunika uzuri wa asili. Bach alifariki mwaka 1750. Mjane wake, Anna Magdalena, akafariki mwaka 1760 akiishi kwa sadaka.

Si kwamba alisahauliwa kabisa. Wanafunzi wake walizidi kunakili kazi zake za kinanda, na Mozart alipofika Leipzig mwaka 1789 alisikia kwaya ya Mtakatifu Tomaso ikiimba moteti yake, akastaajabu. Kilichonyamaza zaidi ni kantata, yaani muziki ulioandikwa kwa ajili ya Jumapili fulani na somo lake la Injili. Ibada yenyewe ilikuwa imebadilika, na mashairi yake yakaonekana ya kizamani. Hati ziligawanywa miongoni mwa warithi, na nyingi zikapotea. Hapa ndipo sisi tuliokabidhiwa ulinzi wa ibada tunapoguswa: kazi iliyotungwa ili kulihudumia Neno siku moja, itahukumiwa kwa kipimo gani siku hiyo ikiisha kupita?

Tarehe 11 Machi 1829 Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliongoza Mateso ya Kristo kwa jinsi ya Mathayo mjini Berlin. Tangu hapo jina la Bach likapanda, na mwaka 1850 kikaundwa chama cha kuzichapa kazi zake zote, kazi iliyochukua karibu nusu karne. Lakini tuangalie mahali. Ulikuwa ukumbi wa chama cha waimbaji, si kanisa, na Mendelssohn alikuwa ameondoa sehemu nyingi. Katika ibada ya Ijumaa Kuu ya siku za Bach, mahubiri yalitolewa katikati ya sehemu zake mbili. Berlin hapakuwa na mahubiri. Bach alirudishiwa heshima, lakini kama msanii kwanza, na mtumishi wa madhabahu baadaye.

Na kadiri yeye alivyopanda, ndivyo Telemann alivyoshuka. Wataalamu wa karne ya 19 walimpima kwa kipimo cha Bach, wakaugeuza wingi wa kazi zake kuwa kosa. Wenyewe wawili hao hawakuwa na ugomvi: Telemann alikuwa baba wa ubatizo wa Carl Philipp Emanuel, mwana wa Bach, mwaka 1714.

Chama kile kilichapa pia, chini ya jina la Bach, kantata isemayo kwamba Mkombozi wangu yu hai, ikapewa nambari 160. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba mtunzi wake ni Telemann. Hakuna noti hata moja iliyobadilika. Lililobadilika ni jina lililoandikwa juu yake. Hata leo kantata hiyo hutajwa kwa nambari ya Bach.