Mkondo Katika Kioo: Zana za Mtandaoni za Kuchorea Saketi

Kwa muda mrefu, aliyetaka kujifunza elektroniki kwa uraibu tu, bila mwalimu wala maabara, hakuwa na budi kujifunza kwa hasara. Alinunua vipuri, akaviunganisha kwa kukisia, akaunguza transista moja au mbili, kisha akarudi dukani. (Neno uraibu lina harufu ya ulevi kwa baadhi ya wazungumzaji, na yamkini jamaa za wapenzi wa elektroniki hawatalipinga.) Siku hizi mtu huyo anaweza kuichora saketi nzima katika kivinjari cha kompyuta, akaiwasha na kuipima kabla hajatumia hata shilingi. Makala haya yanafafanua jinsi zana hizo zinavyofanya kazi, na hasa pale ambapo picha iliyo kiooni huachana na umeme wenyewe. Aidha, yanagusia istilahi, kwa kuwa katika fani hii jina la kitu laweza kumwongoza mwanagenzi au kumpoteza.

Asili ya zana hizi ni programu iitwayo SPICE, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Laurence Nagel chini ya uelekezi wa Donald Pederson, na kutangazwa mwaka 1973. Haja iliyoizaa ilikuwa dhahiri: saketi zilizounganishwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni haziwezi kufunguliwa na kurekebishwa kwa mkono kama redio ya zamani. Ilibidi makosa yagunduliwe mapema. Programu huichukua kila njiapanda ya nyaya na kuiundia mlinganyo kwa kufuata kanuni ya Gustav Kirchhoff ya mwaka 1845, kwamba mkondo unaoingia sharti ulingane na unaotoka. Milinganyo yote hutatuliwa kwa pamoja, muda husogezwa mbele kidogo, kisha hesabu huanza upya. Zana za uigaji za leo, pamoja na sura zao za kuvutia, hutegemea hesabu ya namna hiyo.

Miongoni mwa zinazotumiwa na wanagenzi, mbili zinafaa kutajwa. Ya kwanza ni ile ya Paul Falstad. Hii iliandikwa mwanzoni kwa lugha ya Java, na baadaye ikahamishiwa JavaScript vivinjari vilipoacha kuendesha programu za Java. Haimtaki mtumiaji ajisajili. Ya pili ni Tinkercad ya kampuni ya Autodesk ya Marekani. Hii huonyesha vipuri kwa sura yake halisi: ubao wenye matundu, betri, nyaya za rangi, hata bodi ya Arduino inayoweza kuandikiwa programu papo hapo.

Katika zana ya Falstad, nyaya zenye volteji chanya hugeuka kijani, zenye volteji hasi huwa nyekundu, na mkondo huonyeshwa kwa vinukta vya manjano vinavyotambaa ndani ya waya. Mkondo ukiongezeka, vinukta hukimbia, ukipungua, hujikokota. Mwanafunzi wa Kiswahili ataona jambo hapa ambalo wengine huenda wasilione. Neno mkondo lilikuwa la maji kabla ya kuwa la umeme: ni mwendo wa maji ya mto au bahari. Kwa hiyo picha ambayo mchoraji wa zana hii aliihangaikia, msemaji wa Kiswahili tayari anayo katika neno lenyewe. Hali kadhalika, ukinzani, uliotokana na kitenzi kinza, unajieleza: ni kile kinachoukabili mkondo na kuupunguza. Kipuri kinachofanya kazi hiyo wengi hukiita rezista, ingawa kikinzani kingekuwa jina lenye nasaba bora zaidi.

Hata hivyo, sitiari ya maji ina mtego wake. Bomba likikatwa, maji humwagika. Waya ukikatwa, mkondo haumwagiki bali hukoma kote mara moja. Bofya swichi katika zana ya Falstad uifungue, nawe utaona vinukta vyote vikisimama, hata vilivyo mbali kabisa na swichi. Hapa neno saketi, tulilolitohoa, halimsaidii mwanagenzi hata kidogo, ilhali mzunguko wa umeme humwambia waziwazi kwamba kilichotoka betrini lazima kipate njia ya kurudi. Si hoja ya kulitupa neno saketi, kwani limekwisha kuota mizizi. Lakini mwalimu asiyetaja mzunguko walau mara moja atakuwa amemnyima mwanafunzi wake nusu ya somo.

Tuchukue mfano ulio mwepesi kuliko yote: kuwasha kitaa chekundu cha LED kwa betri ya volti 9. Kitaa hicho huhitaji takriban volti 2 na mkondo usiozidi miliampea 20. Volti 7 zinazosalia lazima zimezwe na rezista, na kwa kanuni ya Ohm, 7 ikigawanywa kwa 0.02 hutoa omu 350. Dukani hakuna kipuri cha kawaida cha omu 350. Kuna cha 330 na cha 390. Mwenye busara huchukua cha 390, chenye mistari ya rangi ya machungwa, nyeupe na kahawia, na mkondo unakuwa takriban miliampea 18.

Je, rezista ikisahauliwa? Katika Tinkercad, alama ya mlipuko hutokea juu ya kitaa. Katika zana ya Falstad, kitaa huendelea kung'aa kwa furaha huku kipimo kikionyesha ampea nyingi ambazo betri ya volti 9 haiwezi kamwe kuzitoa. Zana haijadanganya. Imehesabu kile ilichoambiwa: betri isiyo na ukinzani wa ndani, nyaya zisizo na ukinzani wowote, na kitaa kisichoungua. Dunia hiyo ya vipuri vikamilifu ndiyo wanagenzi wengi huisahau. Anayetazama mwanga tu bila kusoma namba ataondoka na somo lisilo sahihi, na hasara aliyokusudia kuiepuka itamsubiri mezani.

Tofauti huonekana pia pasipo kosa lolote. Kipuri kiitwacho 555, alichokibuni Hans Camenzind mwaka 1971, hutumiwa sana kumwesa taa. Kwa rezista za kiloomu 1 na kiloomu 68 pamoja na kapasita ya mikrofaradi 10, kioo kitaonyesha taa ikimwesa kila baada ya sekunde 0.95. Mezani, huenda ikawa 0.76 au 1.14, kwani ni jambo la kawaida kwa kapasita za aina hiyo kupungua au kuzidi thamani iliyoandikwa kwa asilimia 20. Anayeijua tofauti hii hatarudi Luthuli Avenue, Nairobi, kugombana na muuzaji.

Ifahamike pia kwamba mchoro uliohifadhiwa katika tovuti ya kampuni umewekwa katika nyumba ya mwenyewe. Waliokuwa wakitumia 123D Circuits walilazimika kuhamia Tinkercad mwaka 2017. Zana ya Falstad huruhusu saketi itolewe kama maandishi matupu yanayoweza kutunzwa popote, na desturi hiyo inafaa kuigwa.

Suala la mwisho ni la uhai. Kiooni, umeme wa ukutani ni alama kama alama nyingine, na kidole kikiigusa hakuna linalotokea. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na kilele cha wimbi lake hufikia takriban volti 339. Hakuna zana kati ya hizi inayomwonyesha mwanagenzi kwamba mwili wake nao unaweza kuwa sehemu ya mzunguko. Saketi zake za kwanza nje ya kioo ziendeshwe kwa betri ya volti 9, au kwa volti 5 za chaja ya simu.